Kadi pepe ya mtandao kwenye Linux chini ya z/VM: ipo, lakini haifanyi kazi

Swali: Linux yangu inaendeshwa kama mgeni (mashine pepe) wa z/VM, mfumo unaogawa meinfremu moja iwe mashine pepe nyingi. Nilinakili diski za mgeni mwingine anayefanya kazi vizuri. Kadi yake ya mtandao iko kwenye 0A00. Mimi nimepewa kadi pepe kwenye 0600. Amri ya QUERY NIC inaonyesha kadi ipo na imeunganishwa na swichi pepe VSW1. Ndani ya Linux, nikiandika namba tatu za vifaa vya kadi kwenye faili la group, linaloviunganisha viwe kadi moja, najibiwa "Invalid argument". Baadaye mwenzangu aliifungua kwa amri ambazo sikuziandika mahali, enc600 (kiolesura cha kadi hiyo) ikawa hewani, nikaipa anwani ya IP. Mgeni jirani kwenye swichi hiyohiyo anajibu ping, ila lango la mtandao halijibu. Nilipowasha mashine upya, kila kitu kikatoweka. Je, kosa ni la Linux au la wanaosimamia z/VM?

Jibu: Una matatizo matatu, wala hayana mwenyewe mmoja. La kwanza na la tatu ni lako, yamo ndani ya diski ulizonakili. La pili karibu hakika liko upande wa z/VM, au kwenye swichi ya kawaida iliyo nje ya meinfremu, na hakuna faili ndani ya Linux litakaloliponya. Kwa kuwa yamekuja kwa mkupuo, yanaonekana kama ugonjwa mmoja. Tuyatenganishe.

Kadi ya mtandao kwenye mashine hizi si kifaa kimoja. Draiva ya qeth, ambayo huendesha OSA (kadi halisi za mtandao za meinfremu), HiperSockets (mtandao wa ndani ya meinfremu yenyewe) na kadi pepe za z/VM, hudai vifaa vitatu: kimoja cha kusoma maagizo, kimoja cha kuyaandika, na cha tatu cha kupitishia data zenyewe. Ndiyo maana unaandika namba tatu. Kifaa cha kusoma lazima kiwe na namba shufwa, na cha kuandika kiwe kile kinachofuata mara moja. z/VM ikikutengenezea kadi kwenye 0600 hukupa 0600, 0601 na 0602, kwa hiyo hapo uko salama. Ila kumbuka namba hizi ni za heksadesimali: baada ya 0609 huja 060A, si 0610, na hata wazoefu hukwama hapo wanapopangia wageni wengi namba kwa haraka. Vilevile njia za sysfs (saraka ya /sys, ambamo kerneli huonyesha vifaa) huandikwa kwa herufi ndogo. Kadi ya mgeni wako wa zamani inapatikana kwenye 0.0.0a00, ukiandika A kubwa utaambiwa hakuna faili la namna hiyo.

Kabla ya kugusa chochote, uliza upande wa pili unaonaje. Wengi hukimbilia `ip addr` na `dmesg`. Mimi huanzia z/VM, kwa sababu yenyewe ndiyo inayojua kama Linux imeishika kadi au bado. Ukiwa root ndani ya Linux:

`vmcp query nic 0600 details`

Kama mtandao umekufa kabisa na umebaki na konsoli ya 3270, andika `#CP QUERY NIC 0600 DETAILS` na utapata jibu lilelile. Katika jibu hilo tazama jina la swichi, anwani ya MAC, kisha jukumu la kila kifaa. Vifaa vikiwa bado vimeandikwa Unassigned, Linux haijaigusa kadi. Kadi ikishawashwa utaona CTL-READ, CTL-WRITE na DATA. Hadi majukumu hayo yaonekane, kuhangaika na anwani za IP, njia za pakiti au ukuta wa moto ni kupoteza muda. Na ikiwa jina la swichi halipo kabisa, kadi haijaunganishwa: jaribu `COUPLE 0600 TO SYSTEM VSW1`. Ukijibiwa kwa ujumbe wenye namba 6011E, hujapewa ruhusa ya kuingia kwenye swichi hiyo. Mwombe msimamizi wa z/VM akupe kwa `SET VSWITCH VSW1 GRANT`. Wewe umeshavuka hatua hiyo.

Sasa "Invalid argument". Ujumbe huu huwapoteza watu, maana wanadhani wamekosea kuandika, wanaanza kuhesabu nukta na koma. Kerneli huutoa pia pale inapoombwa kuunganisha kifaa isichokijua, au kifaa ambacho tayari kimo kwenye kundi jingine. (Kama ni draiva ya qeth iliyokosekana, hata saraka yenye faili la group isingekuwepo, na ungeona kosa tofauti, `modprobe qeth` hulimaliza.) Kwa mgeni aliyenakiliwa, ningeweka dau kwenye sababu ya kwanza. Tazama:

`cat /proc/cmdline`
`cat /proc/cio_ignore`
`lscss`

Kwenye mstari wa kwanza kuna uwezekano mkubwa utakuta parameta ya `cio_ignore=all` ikifuatwa na orodha ya vifaa vilivyosamehewa kwa alama ya mshangao. Maana yake ni kwamba kerneli ivipuuze vifaa vyote isipokuwa vilivyotajwa. Si utundu wa mtu. Ni desturi nzuri, kwani meinfremu moja inaweza kuonyesha maelfu ya vifaa na Linux haina haja ya kuvikagua vyote inapoamka. Lakini diski zako zilipangwa kwa ajili ya 0a00 hadi 0a02. Kwa Linux hiyo, 0600 haipo duniani, hata z/VM iape kwamba ipo. Hii ndiyo tofauti ya maoni uliyoikuta kati ya QUERY NIC na faili la group, na kila upande ulikuwa ukisema kweli.

Vifungue:

`cio_ignore -r 0.0.0600-0.0.0602`
`echo 1 > /proc/cio_settle`

Amri ya pili huufanya mfumo usubiri hadi kerneli imalize kuvitambua vifaa vipya. Ukiziweka amri hizi kwenye skripti bila kusubiri, hatua inayofuata huweza kushindwa leo na kufaulu kesho, na hakuna hitilafu inayoudhi kama hiyo. Baada ya hapo `lscss` itaonyesha vifaa vitatu vyenye aina 1732/01 na 1731/01, ambayo ndiyo alama ya kadi ya aina ya OSA, iwe halisi au pepe. Ukiona 1732/05 umepewa HiperSockets, na hiyo ni habari nyingine. `znetconf -u` nayo itakuorodheshea kadi zilizo tayari kuwashwa. Nadhani mwenzako alifanya kitu cha aina hii, kwa mkono, bila kukihifadhi.

Kuiwasha kadi kwa kuandika kwenye group, kisha layer2, kisha online, ni zoezi zuri la kuelewa mambo, na ninakushauri ulifanye mara moja. Kwa kazi ya kila siku tumia chzdev, nitaieleza mwishoni.

Hapo kwenye layer2 nikae kidogo, ingawa dalili zako zinaonyesha si tatizo lako. Swichi pepe huundwa kwa mojawapo ya namna mbili. Iliyoundwa kwa neno ETHERNET hubeba fremu kamili zenye anwani za MAC: hilo ni Tabaka la 2. Iliyoundwa kwa neno IP hupeleka pakiti za IP peke yake, na kadi ndiyo inayoshughulikia ARP (kutafuta MAC ya anwani ya IP) kwa niaba ya mgeni: hilo ni Tabaka la 3. Linux lazima ikubaliane na swichi yake. Wasipokubaliana, kwenye kerneli za zamani unapata hali ya ajabu: kiolesura kiko hewani, `dmesg` haina lalamiko, na hakuna pakiti hata moja inayofika popote, hata kwa jirani. Kerneli za karibuni huiuliza z/VM aina ya swichi na kujipanga zenyewe, hivyo tatizo hili limepungua, lakini faili la usanidi lililonakiliwa kutoka enzi za zamani bado linaweza kubeba `layer2=0` likakuharibia siku. Hakiki kwa `lsqeth`. Utaona layer2 ikiwa 1 au 0, pamoja na aina ya kadi, ambayo kwa swichi pepe huandikwa Virt.NIC QDIO au, kwenye matoleo ya nyuma, GuestLAN QDIO. Thamani ya layer2 haibadilishwi kadi ikiwa hewani. Iondoe hewani kwanza kwa kuandika 0 kwenye faili la online, badilisha, kisha irudishe.

Kama una nafasi ya kuchagua, chagua Tabaka la 2. DHCP, tcpdump, kuunganisha kadi mbili ziwe moja, vyote hufanya kazi kama unavyovijua kwenye Linux nyingine yoyote. Kwenye Tabaka la 3 kila kimojawapo kina ubishi wake.

Turudi kwako. Jirani anajibu, lango halijibu. Kipimo hiki kimoja kimekufungulia mengi. Kinathibitisha kwamba vifaa vitatu viko sawa, tabaka limekubaliana, ruhusa ya swichi ipo, na anwani yako ya IP iko kwenye subneti moja na jirani. Fremu kati yako na jirani hupita ndani ya kumbukumbu ya z/VM; hazigusi waya. Fremu za kwenda kwenye lango lazima zitoke kupitia kadi halisi ya OSA. Kwa hiyo kilichokatika ni njia ya kutokea nje, au utambulisho wa VLAN (sehemu ya mtandao iliyotengwa kwa namba yake) unaotakiwa huko nje.

Jambo la kumuuliza jirani kabla hujapiga simu: je, yeye analifikia lango? Ikiwa naye halifikii, huenda swichi nzima imekatika na nje. Mwombe msimamizi wa z/VM akupe matokeo ya `QUERY VSWITCH VSW1 DETAILS`. Anachotafuta ni hali iwe Ready, kuwe na kifaa halisi kwenye mstari wa RDEV, na kidhibiti kiwe kimetajwa kando yake. Swichi pepe inayotoka nje huhitaji mashine pepe ya kuidhibiti, kwa kawaida DTCVSW1 au DTCVSW2, iwe imeingia kwenye mfumo. z/VM ikiwashwa upya na mtu akasahau kuziwasha mashine hizo, wageni wote wanazungumza wao kwa wao raha mustarehe na hakuna anayetoka. Akishaziwasha, `SET VSWITCH VSW1 CONNECT` huirudisha swichi kazini. Jambo jingine la hapo ni poti: kadi nyingi za OSA zina poti mbili kwa kila chaneli, na kama kebo imechomekwa kwenye poti 1 huku swichi ikielekezwa kwenye P00 (poti 0), hakuna kitakachotoka.

Ikiwa jirani analifikia lango na wewe hulifikii, nashuku VLAN, kisha MAC.

Swichi inayojua VLAN humpa kila mgeni namba ya VLAN wakati wa ruhusa, pamoja na aina ya poti. Kwenye poti ya ACCESS, swichi ndiyo inayobandika na kubandua alama ya VLAN. Linux hutuma fremu tupu. Kwenye poti ya TRUNK, Linux yenyewe ndiyo inayobandika, kwa kuunda kiolesura kama enc600.50. Makosa ya kawaida ni mawili. Linux inabandika alama huku poti ikiwa ACCESS, na swichi inazitupa fremu hizo. Au ruhusa ilitolewa bila kutaja VLAN, mgeni akaangukia kwenye VLAN ya chaguo-msingi ya swichi, ambayo huko nje lango halipo. Lakini kuwa mwangalifu na hoja hii: jirani anayekujibu ping pengine yuko kwenye VLAN ileile isiyo sahihi. Ndiyo sababu swali la kama jirani analifikia lango linatangulia mengine yote. Ruhusa ikirekebishwa, itenganishe kadi kwa `UNCOUPLE 0600` na uiunganishe tena ili ruhusa mpya isomwe. Fanya hivyo kutoka kwenye konsoli, si kupitia ssh inayopita kwenye kadi hiyohiyo.

Upande wa pili wa waya nao una wenyewe. Kama swichi pepe inatuma fremu zenye alama, poti ya swichi halisi lazima iwe imewekwa kupokea VLAN nyingi na namba yako iwe imo. Watu wa mtandao wanaweza kuhakikisha kwa dakika chache kama wanaiona MAC yako kwenye poti hiyo. Wakisema hawaioni kabisa, fremu haijatoka kwenye meinfremu.

Kuhusu MAC: linganisha ile iliyotolewa na QUERY NIC na ile ya `ip link show enc600`. Zikitofautiana, kuna faili ndani ya Linux linalolazimisha MAC ya mgeni wa zamani. Futa mstari huo. z/VM ndiyo inayopaswa kugawa MAC, na swichi inaweza hata kuwekwa ikatae MAC ambayo haikuigawa yenyewe. Kuna mtego mwingine usioonekana kutoka ndani ya mgeni: MAC za kadi pepe huanza na kiambishi kilichowekwa kwa VMLAN MACPREFIX, na kisipowekwa, z/VM hutumia 02-00-00. Mifumo miwili ya z/VM iliyoachwa na kiambishi hicho kwenye mtandao mmoja itagawa MAC zilezile kwa wageni tofauti. Dalili yake ni ping inayokuja na kupotea, kutegemea nani amesema mwisho. Na ukiwa kwenye habari ya nakala, hakikisha /etc/machine-id si ile ya mgeni wa awali, la sivyo seva ya DHCP inaweza kuwaona nyote wawili kama mashine moja na kuwapa anwani moja.

Siku ping zitakapojibu lakini ssh ikaganda baada ya kuingiza nywila, shuku MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja). `ping -M do -s 1472` kwenda kwenye lango hupima njia ya baiti 1500. Kwa MTU ya 8992 tumia 8964.

Sasa kutoweka baada ya kuwasha upya. Kila kilichoandikwa kwenye /sys na /proc kinaishi kwenye kumbukumbu tu. Ili kikae, kwenye usambazaji wenye s390-tools za miaka ya karibuni:

`chzdev -e qeth 0.0.0600:0.0.0601:0.0.0602 layer2=1`

Amri hii huiwasha kadi sasa hivi na papo hapo huandika kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayosimamia vifaa) ya kuiwasha kila mara. `lszdev qeth` itakuonyesha kama iko hewani na kama imehifadhiwa. Unataka yes mara mbili. Kisha ondoa mabaki ya 0a00: `chzdev -d -p 0.0.0a00` kwa usanidi uliohifadhiwa, na usiisahau parameta ya `rd.znet` kama ipo kwenye mstari wa kerneli, kwani hutaja vifaa vitatu kwa namba zake. Sahihisha pia orodha ya cio_ignore kwenye mstari huohuo, halafu endesha `zipl`. Hapa ndipo wengi wanaotoka kwenye mashine za x86 hupigwa chenga: bila `zipl`, faili limebadilika lakini rekodi ya kuamshia mashine bado ni ya zamani. Jina la kiolesura nalo hutokana na namba ya kifaa, hivyo usanidi wa IP uliokuwa wa enca00 hautaifuata enc600, andika mpya.

Upande wa z/VM una usahaulifu wake. Kadi iliyotengenezwa kwa DEFINE NIC hufa mgeni anapotoka kwenye mfumo, na ruhusa iliyotolewa kwa SET VSWITCH hufa z/VM inapowashwa upya. Mwombe msimamizi aweke kadi kwenye direktori ya mgeni:

`NICDEF 0600 TYPE QDIO LAN SYSTEM VSW1`

na ruhusa kwenye SYSTEM CONFIG (faili la usanidi wa z/VM) kwa `MODIFY VSWITCH VSW1 GRANT` pamoja na jina la mgeni wako. Kisha jaribu kwa kumtoa mgeni kwenye z/VM kabisa na kumwingiza tena. `Reboot` ya Linux peke yake haitoshi, kwa sababu kadi iliyotengenezwa kwa mkono hunusurika nayo.

Ikiwa lango bado liko kimya baada ya yote haya, niletee matokeo ya `vmcp query nic 0600 details`, `lsqeth`, `ip route` na yale ya QUERY VSWITCH kutoka kwa msimamizi, yote yakiwa yamechukuliwa ping ikiendelea. Kwenye QUERY NIC kuna hesabu za pakiti zilizopokelewa, zilizotumwa na zilizotupwa. Zinazotumwa zikiongezeka huku zinazopokelewa zikisimama, tutaanzia kwenye waya. Zinazotupwa zikiongezeka, tutaanzia kwenye VLAN.